Mikono Yote ya Kushoto

3 Januari

Kaka,

Shikamoo. Najua hupendi barua inayoanza kwa ombi, kwa hiyo naanza na habari njema, ombi litafuata lenyewe. Chuo cha ukunga kimenikubali tena. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza uliniambia nisubiri urudi, nikasubiri. Mara ya pili ukaniambia nimalizie kwanza sare za shule, nikamalizia. Safari hii barua yao ina sentensi ambayo haikuwepo zamani: nisiporipoti tarehe kumi na tano Machi, nafasi anapewa mwingine na nisiombe tena. Wameipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani unaijua. Mama akiishika anaweka sauti juu ili mtaa mzima umsikie mwanawe aliyeko kiwandani, nami nina maneno ambayo sitaki mtaa uyasikie. Na ninyi huko kiwandani simu mnaziacha getini. Basi dereva anayetuletea vitambaa amekubali kuwa tarishi wetu. Anasema ananionea huruma, sijui ameona nini usoni mwangu.

Ombi ni hili: rudi uchukue chaki yako, au nipe ruhusa niikabidhi kwa mtu mwingine.

Huu ni mwaka wa nne, kaka. Kwa miaka yote hiyo hakuna mkasi uliogusa kitambaa katika chumba cha kikundi chetu cha ushonaji kabla sijakitandika kwa mikono yangu mwenyewe na kukichora. Kanuni uliacha wewe na mimi naifuata: anayetandika na kuchora ni mmoja, na anayeharibu anatoka. Mwezi wa kumi na moja niliugua homa siku mbili. Watu kumi na mmoja walikaa kwenye mabenchi, mikasi mapajani, wakinisubiri. Siku ya pili yule kijana wetu Miwani alibeba kitambaa mpaka nyumbani, akakitandaza juu ya miguu yangu pale kitandani, nami nikachora makola huku natetemeka kwa baridi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia baada ya Miwani kuondoka, na sikumwambia mtu.

Nina miaka ishirini na nne na wananiita Mama Chaki. Siwezi kwenda msibani bila kuulizwa narudi saa ngapi.

Wiki iliyopita ofisi ya vijana ilituletea wageni. Walitaka kujua kwa nini kikundi chetu kiko hai wakati kile cha kuosha magari kilikufa baada ya miezi mitatu tu, na wale wa maigizo waligombana wakagawana hadi mapazia. Wakaniuliza siri yetu. Nikasema nidhamu. Wote wakainama kuandika. Nilipoinua macho nikaona Miwani anatazama mlango, Mpole anatazama mlango, na mimi mwenyewe nilikuwa nautazama huo huo mlango.

Nijibu mapema.

Mdogo wako


14 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera sana. Mkunga katika ukoo wetu, nani angedhani? Wewe uliyekuwa unakimbia kuku akichinjwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka habari ya makola kitandani, mara ya pili nikashika tama. Mdogo wangu, wewe unaona kifungo, mimi naona uongozi. Hebu niseme kama mtu aliyekianzisha kikundi hicho kwa cherehani moja iliyokuwa inaruka uzi. Vikundi vya vijana huwa vinakufa kwa sababu kila mtu anataka kushika usukani. Leo huyu anachora, kesho yule anachora, keshokutwa mnagawana mapazia. Chetu kimedumu kwa sababu jicho ni moja na mkono ni mmoja. Hao wageni waliandika neno sahihi.

Na usisahau tulikotoka. Umesahau mikono mia na ishirini? Mashati sitini ya shule, mikono yote ya kushoto, hakuna hata mmoja wa kulia. Kitambaa kile kina uso na mgongo, huwezi kuugeuza mkono wa kushoto ukawa wa kulia, ungelia au ungecheka. Sisi tulicheka, halafu tukashona wiki mbili bila mapumziko kurekebisha alichokikata Mashoto kwa mkono wake wa kushoto. Mashoto akatoka, na kanuni ikazaliwa hapo. Ukiilegeza, wakaharibu tena, ile shule haitatupa nafasi ya pili.

Mimi siwezi kurudi sasa. Nina mkataba hapa kiwandani na mkataba ni mkataba. Vumilia mwaka mmoja tu. Vyuo havihami.

Msalimie mama. Mweleze kwamba nakula vizuri. Halafu, hivi Mashoto bado anaonekana huko mitaani, au alihama?

Kaka yako


26 Januari

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo imetoka kwa shida.

Vyuo havihami, sawa. Ila mimi nazeeka. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa maneno ya uongozi. Kiongozi anaweza kwenda chooni bila kazi kusimama.

Baada ya barua yako nilifanya kitu bila ruhusa yako. Jumatatu asubuhi nilimpa Mpole chaki. Unamkumbuka, yule binti asiyesema, anayeshona matundu ya vifungo mpaka unadhani yamechapwa na mashine? Anajua kila kitu ninachojua. Nimemwona akitazama vidole vyangu miaka yote hii. Nikamwambia, leo tandika wewe. Alisogea mezani, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akasimama hivyo hivyo. Chaki ikamponyoka ikavunjika, na yeye akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi sitaki kuwa Mashoto."

Hakuna aliyecheka. Kumbe kila mmoja wao anaamka na hofu hiyo, anakuja nayo kazini, anarudi nayo. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyefungiwa mle ndani.

Umeniuliza kama Mashoto alihama. Hakuhama. Ana kibanda cha kurekebisha nguo nyuma ya kituo cha afya, na amekuja kwetu mara tatu kuomba arudi kundini. Hili sikuwahi kukuandikia kwa sababu niliona aibu. Mara zote tatu nilisimama mlangoni nikamsomea kanuni. Mara hii ya mwisho, Ijumaa iliyopita, hakubisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama Chaki, siku ile nani alitandika kitambaa?"

Nakumbuka tulikuja saa mbili tukakuta kitambaa kimeshatandikwa na kimeshachorwa. Nakumbuka Mashoto akichukua mkasi wake. Kabla ya hapo sikumbuki, maana hatukuwepo.

Nani alitandika, kaka?

Mdogo wako


6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nina haraka, dereva anapiga honi.

Mambo ya miaka minne yameshaoza, ya nini kuyafukua? Mashoto ana uchungu wake na mtu mwenye uchungu husema lolote. Alikata yeye, mkasi ulikuwa mkononi mwake, wote mliona. Usimruhusu akuingize kwenye ugomvi wake.

Huyo Mpole usimlazimishe. Wengine wameumbwa kushona tu.

Nimezungumza na mama Jumapili kwa simu. Anakubaliana nami kwamba mwaka mmoja si mwingi. Dereva atakukabidhi boksi la chaki za kiwandani, ni nzuri, hazivunjiki ovyo.

Kaka yako


15 Februari

Kaka,

Boksi nimelipokea. Mtu anakuomba ufunguo na wewe unamtumia kufuli jipya.

Jana nilikwenda kibandani kwa Mashoto. Sikuwa na la kusema, nikajifanya nimepeleka sketi ya kupunguzwa kiuno. Alijua nadanganya lakini akaipokea. Nilikaa kwenye kigoda chake karibu saa nzima nikimtazama. Kila kitambaa kinachopita mbele yake anakipapasa kwanza kwa kiganja, huku na huku, kutafuta uso. Anakunja uso kwa uso, anapapasa tena, ndipo anachora. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Nilikuwa najua hata siku ile. Lakini nilikuta kimetandikwa, kimechorwa, nikaambiwa kata. Nikakata palipochorwa. Niliwaambia hivyo mara mbili. Mara ya pili nilimwambia kaka yako peke yake, akatazama sakafu."

Halafu akanirudishia sketi yangu na akakataa malipo. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Sasa nisikilize. Kuna jambo linanitafuna na wewe unalijua, kwa sababu ulikuwepo. Ile siku tuliposhika mikono ile na kugundua, chumba chote kilikuwa kimya, kila mtu anatazama mwenzake. Aliyevunja ukimya ni mimi. Nilisema, "Mkono wa kushoto umezaa watoto wake." Nilikuwa na miaka ishirini na nilipenda watu wacheke nikisema. Wakavunjika mbavu. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena. Mtu anatumia mkono wa kushoto, mikono ya shati ni ya kushoto, tungetaka ushahidi gani zaidi? Jioni hiyo hiyo ulimtoa.

Nimekufuata kwa kila kitu tangu baba alipofariki. Nataka neno moja tu, ndiyo au siyo. Ulitandika wewe? Dereva anarudi tarehe nne Machi. Asipokuwa na barua yako, hilo nalo litakuwa jibu.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Nimeliandika hilo neno asubuhi, kisha nikaenda kazini, nikarudi wakati wa mapumziko ya mchana nikalikuta bado lipo. Basi niendelee.

Nilifika saa kumi na moja alfajiri siku ile kwa sababu mwalimu mkuu alitaka kuona kazi ilivyofikia kabla ya saa sita. Nilikuwa na usingizi na nilikuwa na kiburi, nilitaka mkija mkute kazi ngumu imekwisha. Nikatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, uso wote juu, bila kukunja. Nikaweka karatasi ya umbo la mkono, nikachora, nikaiinua, nikachora tena hivyo hivyo bila kuigeuza. Kosa la mtoto wa wiki ya kwanza. Mashoto alipoingia aliuliza, "Umekagua?" Nikamwambia kata, tumechelewa.

Mlipogundua, nilikuwa tayari kusema. Naapa nilikuwa tayari, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ukatoa mzaha wako, wakacheka, na mimi nikaona mlango uko wazi nikapita. Usijilaumu. Wewe ulifanya utani, mimi ndiye niliyeugeuza hukumu. Nilijiambia kwamba kikundi kikijua mwenyekiti wake hajui kutandika kitambaa, hakitafika Ijumaa. Nikatunga kanuni ya mkono mmoja ili asiwepo mwingine wa kusimama karibu na meza akajiuliza mambo. Ilifanya kazi. Mkawa na nidhamu. Na mimi kila asubuhi nilipokuwa natandika, nyote mkiwa mmenizunguka kimya, nilikosa pumzi. Nilivumilia miezi mitatu.

Hivyo ndivyo nilivyoondoka. Uliniuliza kwa nini nimekuchagua wewe mdogo kuliko wengi wao, nikakwambia una jicho. Ukweli ni kwamba nilijua hutaniuliza maswali.

Na mkataba ulikwisha mwaka juzi mwezi wa sita. Nimekuwa nikiuongeza mwenyewe. Hapa natandika vitambaa siku nzima, tabaka themanini kwa mara moja, na kila tabaka msimamizi analikagua baada yangu. Huwezi kuamini, ni sehemu pekee ninayopumua.

Ichome barua hii. Nenda chuoni, nakuruhusu, mpe chaki yeyote. Ila usiwaambie, nakuomba kwa jina la baba. Wakijua kwamba kanuni waliyoiogopa miaka yote ilikuwa pazia langu, watatawanyika, na mimi sitaweza tena kukanyaga mtaa ule.

Kaka yako


8 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Sikuichoma. Niliisoma mbele yao juzi Alhamisi, saa nne asubuhi, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nilikwenda kwanza kumwomba Mashoto aje. Alikuja lakini alikataa kuingia, akasimama kizingitini na tepu yake shingoni.

Nataka ujue nilivyofikia hapo, usidhani nilifanya kwa hasira. Siku mbili nzima niliibeba barua yako mfukoni mwa aproni pamoja na chaki. Nilitaka kukutii. Ilikuwa rahisi sana, si umeniruhusu kwenda? Ningempa Miwani chaki na kanuni, nikapanda gari, na yeye angekosa pumzi badala yangu. Jumatano nilimwita nje nimwambie. Akaja anakimbia, miwani imemteleza puani, akauliza, "Dada, nimeharibu nini?" Kijana wa miaka ishirini na mbili, kaka. Kuitwa tu, na tayari anatafuta kosa lake. Nikashindwa.

Nilipomaliza kusoma niliikunja barua nikairudisha mfukoni. Miwani ndiye aliyeniuliza nilijua lini. Nikasema wiki hii. Akauliza, "Na ule mzaha?" Nikasema ulikuwa wangu. Nikamgeukia Mashoto nikamwomba msamaha mbele ya watu wote, mimi kwa nafsi yangu, si kwa niaba yako. Alivua tepu shingoni akaanza kuizungusha kidoleni.

Halafu Mpole akapanda juu ya benchi. Nilidhani anataka kutoka kwa kuruka watu. Akanyoosha mkono juu ya boriti, akateremsha kifurushi cha gazeti, akakifungua mezani. Ilikuwa kola aliyoiunguza kwa pasi mwaka juzi. Akasema, "Ni yangu. Nilinunua kitambaa kingine kwa siri nikashona upya nyumbani." Miwani akamwangalia, akaenda nyuma ya kabati akarudi na mfuko. Mwingine akatoa vipande kutoka chini ya cherehani. Mwingine akatoka kabisa akaenda kwao akarudi na gunia. Wote kumi na mmoja, kaka. Hakuna aliyekuwa safi. Na ule mto wa kiti changu, ule mnene walionishonea zawadi nilipopokea uenyekiti? Waliupasua mbele yangu, ndani umejaa vipande walivyoharibu. Miaka minne nimekalia makosa yao, mwenyekiti mzima, huku nawahubiria nidhamu.

Tulicheka. Kicheko kile hakikuwa kizuri sana, wengine walikuwa wanalia ndani yake. Mashoto aliingia hatua mbili, akatazama lundo lile pale mezani. Akasema, "Kumbe tulikuwa wengi." Akaondoka.

Wamefuta kanuni. Kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na saba, nikishaondoka, kila mtu ana siku yake ya kutandika, na kabla ya chaki mwenzake mmoja anapapasa kitambaa kuthibitisha uso. Anayeharibu anasema kabla ya saa nne, halafu wote wanashona kurekebisha. Ni wazo la Miwani. Sijui kama litafika mwezi wa tano. Huenda umesema kweli, huenda watatawanyika, na nitakuwa nimeua kwa mdomo kitu nilichokilinda kwa miaka minne.

Nimekukasirikia mpaka mikono inauma. Na nimekukumbuka pia, yote mawili kwa pamoja, na sijui niyaweke wapi. Ukitaka kurudi, rudi. Mtaa utasema, halafu utachoka. Lakini kwa Mashoto uende mwenyewe kwa miguu yako. Hilo sitakubebea.

Tarehe kumi na nne napanda gari.

Mdogo wako


22 Machi
Bwenini

Mpole mpendwa,

Habari za huko? Mimi nimefika salama. Tuko wanane chumba kimoja na dirisha letu linatazama ukuta, lakini watu ni wazuri. Jana tulifundishwa kupapasa tumbo la mama mjamzito kujua mtoto amelalaje. Mwalimu akaniuliza nimejifunza wapi kuweka kiganja namna ile. Nikasema kwenye mashati.

Nakuandikia wewe kwa sababu Miwani atanijibu kwa utani. Niambie ukweli. Mnaendeleaje? Siku ya Jumatatu nani alianza? Mmekumbuka kwamba kitambaa cha bluu cha safari hii uso wake hauonekani kirahisi, lazima mkipeleke kwenye mwanga? Mikasi mikubwa ilitakiwa kunolewa. Yule mwalimu mkuu akija msimkaribishe upande wa meza ya kukatia, ana tabia ya kugusa. Na kopo la vifungo vyeupe niliacha juu, si chini.

Niseme wazi, situlii. Nilidhani nikifika hapa nitapumua. Nakaa darasani na vidole vinatafuta chaki mfukoni. Kila saa mbili asubuhi nawaona mmekaa kwenye mabenchi mikasi mapajani mnanisubiri.

Nimefikiria jambo. Jumamosi hatuna masomo, na kwa gari ni mwendo wa saa tatu tu. Naweza kuja asubuhi nikawatandikia na kuwachorea kazi ya wiki nzima, ninyi mkawa mnakata tu. Hata kila Jumamosi, mpaka mzoee. Si usumbufu hata kidogo. Nijibu haraka ili nikate tiketi.

Dada yako,
Mama Chaki


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijazoea kuandika barua, utanisamehe.

Jumatatu nilianza mimi. Niliharibu. Si mikono, ni migongo sita, nilipima urefu nikasahau nafasi ya pindo. Niligundua saa tatu na nusu. Nilisema saa tatu na dakika arobaini, Miwani aliangalia saa yake akaandika ukutani, ana mambo ya kijinga. Nikasubiri waniambie nitoke. Hakuna aliyesema. Wakauliza tunaweza kufanya nini na ile migongo, tukaamua iwe mashati ya darasa la kwanza. Tulimaliza saa kumi. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili.

Jumanne haikuharibika. Jumatano iliharibika kidogo. Wawili wameacha, walisema fujo hii hawaiwezi, walipenda zamani ulipokuwa unawaambia. Hatukuwabishia. Watatu wapya wamejiunga, mmoja ni wa kile kikundi cha kuosha magari.

Mwalimu mkuu alikuja Alhamisi. Aligusa.

Kaka yako amerudi. Alifika siku hiyo hiyo ya Alhamisi saa tano, na begi begani. Alisimama pale mezani akanyoosha mkono kuchukua chaki, nadhani hata hakujua anafanya hivyo. Tukamwambia leo ni zamu ya mtu mwingine. Akauliza afanye nini. Miwani akampa kopo la vifungo. Alishona vifungo mpaka saa kumi, hakuinua kichwa. Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Mashoto. Tulimwona kwa mbali amekaa kwenye kigoda anaongea, na Mashoto anaendelea kukanyaga cherehani bila kumtazama. Hatujui walisema nini. Mashoto hajarudi kwetu na nafikiri hatarudi. Ila jana alimtuma mteja wake kwetu, mwenye kazi kubwa kuliko kibanda chake.

Umeandika kwamba unatuona kwenye mabenchi tukikusubiri. Siku mbili za kwanza tulikusubiri. Saa mbili ikafika, tukajikuta wote tumekaa. Halafu mtu mmoja akasimama.

Dada, nilikuwa naogopa kukuandikia hili, nimelikata mara tatu. Usije Jumamosi. Jumamosi ni zamu ya kwanza ya Miwani, na ukiwepo atakutazama wewe badala ya kitambaa.

Mpole